Ujumbe wa Benki Nilioupeleka Ukweni

Nakumbuka Jumanne moja ya msimu wa kuvuna alizeti, nimekaa kwenye kiti cha kinyozi pale mtaa wa Kikuyu, shingo imefungwa kitambaa, simu ikalia mfukoni. Nikaitoa kwa shida. Ulikuwa ujumbe wa benki: kadi imelipia hoteli fulani, Arusha. Mwanangu, mimi nilikuwa Dodoma, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mtu mwenye akili zake angesema nimeibiwa. Mimi nilisema moyoni: Zuhura.

Zuhura ni mke wangu. Ngoja nikueleze vizuri, usije ukanihurumia mapema. Wakati huo nilikuwa mpima viwanja, nina miaka arobaini na kidogo, umri ambao mwanaume bado anajiita kijana na hakuna wa kumbishia. Mji ulikuwa unatanuka, kila mtu anataka kiwanja, na kila anayetaka kiwanja anamtafuta mpima. Nikavimba kichwa. Benki ikanipa kadi ya mkopo, ile unayonunulia leo ukaja kulipa mwisho wa mwezi. Nikaomba na ya pili yenye jina la mke wangu. Nikamkabidhi mbele ya dada zangu, ndani ya bahasha yake, nikasema nunua utakacho. Dada zangu wakapiga vigelegele.

Sasa nikwambie ambalo dada zangu hawakulijua. Kila kadi ile ikitumika, kama ilivyo kwa yangu, simu yangu mimi ndiyo ingelia. Nilitaka kujua Zuhura kaingia duka gani, saa ngapi, mtaa gani. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Nausema waziwazi leo kwa sababu wakati ule niliuita upendo.

Na wivu wangu ulikuwa na jina. Kabla yangu kuna kijana wa kwao aliyetaka kumposa Zuhura, anaitwa Salimu. Mambo yao hayakufika popote. Baadaye Salimu akaenda Arusha kuendesha watalii, na kila sikukuu akawa anarudi kwao na gari lenye paa la kufunguka, watoto wanalikimbilia. Zuhura hakuwahi kulitaja jina lake nyumbani kwangu, hata mara moja. Hilo nalo likanikera. Nikawa najiuliza, kama hana neno naye, mbona hamtaji?

Jumapili iliyotangulia ile Jumanne, Zuhura alipanda basi kwenda kwao Busi, upande wa Kondoa. Mama yake alikuwa amevunjika mkono na alizeti zilikuwa zinamsubiri shambani. Basi lile hushusha watu Kondoa kisha linaendelea Babati mpaka Arusha. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Nikampigia nikiwa bado kwa kinyozi, nikaambiwa hapatikani. Laini yake ilikuwa ya mtandao usiofika Busi, nilijua hivyo tangu nilipomuoa. Miaka yote akienda kwao hapatikani, na sikuwahi kuona ajabu. Siku ile kule kutopatikana kukawa ushahidi.

"Vipi mkubwa, kuna msiba?" kinyozi akaniuliza.

"Malizia kichwa," nikamjibu.

Jumatano ukaja ujumbe mwingine, duka la nguo za kike. Alhamisi ikawa mgahawa, halafu duka la manukato. Nilikuwa nasoma kila ujumbe mara nne, tano, nikiona picha yake kichwani: Zuhura na gauni jipya, Salimu anavuta kiti akae. Sikula vizuri siku zile. Nikawa naongea peke yangu kwenye gari.

Nyuma ya kadi kulikuwa na namba ya benki, imeandikwa piga saa yoyote. Kuipiga ni dakika mbili. Sikuipiga, na sababu yake ndiyo inayonitia aibu mpaka leo. Niliogopa kadi ikifungwa nitawapoteza. Nilitaka iendelee kufanya kazi ili nijue wanaelekea wapi. Yaani mwizi ananichuna, na mimi namfungulia mlango ili nione viatu vyake.

Pale ofisini alikuwepo karani wetu, Mama Neema, mama wa Kigogo mwenye maneno machache. Aliniona nimeikodolea simu macho, akaniuliza, nikamwonyesha ujumbe mmoja tu.

"Kaka, wewe uko hapa na pesa zinatumika Arusha. Piga benki waifunge."

"Mambo ya nyumbani kwangu nayajua mimi, mama."

"Mimi nimesema kadi. Ya nyumbani umeyasema wewe," akanijibu, akarudi kwenye mafaili yake.

Ijumaa asubuhi ukaja ujumbe wa tiketi za ndege. Nikasema basi, wanahama nchi. Nikanakili meseji zote kwenye karatasi, nikaikunja mfukoni kama mtu anayekwenda mahakamani, nikawasha gari. Mpango wangu ulikuwa niwafuate wazazi wake Busi, niwaulize mbele ya watu binti yao yuko wapi. Lakini wivu haukunipeleka moja kwa moja. Kwanza nilipitiliza Kondoa mpaka Kolo, ambako magari ya watalii husimama kwa ajili ya michoro ya miambani, nikaanza kuchungulia gari moja baada ya jingine nikimtafuta Salimu. Mzungu mmoja mzee akanipungia mkono akidhani namsalimia. Nikampungia na mimi, nikageuza gari kwenda Busi.

Kwetu sisi mkwe hatokei tu ukweni. Anatuma taarifa, anakuja amevaa vizuri, mkononi ana sukari au kitenge cha mama. Akija ghafla, mikono mitupu, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, maana yake ni moja tu. Mama mkwe alikuwa uani na mkono wake umefungwa shingoni. Aliponiona nashuka kwenye gari namna ile, akaweka mkono mzima kichwani, akaanza kulia.

"Nani amekufa? Jamani, ni mtoto gani?"

Majirani wakaanza kuja mbio. Na nyuma ya nyumba akatoka Zuhura, ameshika fimbo ya kupigia alizeti, makapi yamemjaa kwenye khanga na kwenye nyusi.

"Baba Rehema, kuna nini? Watoto wazima?"

Hapo mwanangu ungedhani ningepiga magoti kushukuru. Mke wangu nimemkuta kwao, kazini, amechafuka kwa jasho la kumsaidia mama yake. Lakini wivu ukishakaa mwilini siku nne hautoki kwa kuona. Nilimtazama mbele ya watu wote wale nikamwambia, "Umerudi lini kutoka Arusha?"

Mama mkwe akanyamaza katikati ya kilio. Majirani wakatazama chini. Zuhura aliiegemeza ile fimbo ukutani polepole, akapangusa mikono.

Baba mkwe, Mzee Idi, akatoka ndani na kofia yake mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, akaniwekea kigoda mwenyewe. Adabu ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. Akasema, "Haya, mkwe. Useme kilichokuleta." Nikaitoa ile karatasi nikaisoma. Hoteli, nguo, mgahawa, manukato, ndege. Niliisoma yote, kwa sauti, mke wangu amesimama.

Nilipomaliza Zuhura aliingia ndani, akarudi na bahasha aliyoitoa kwenye mkoba wake wa safari. Ilikuwa ile ile ya benki niliyompa mbele ya dada zangu, na gundi yake bado imeshika. Hakuwahi kuifungua. Akaniwekea mapajani.

Nikiwa nimeishika, simu yangu ikalia. Mtandao wangu ulikuwa unashika kwa kubahatisha pale uani. Ujumbe wa benki, duka la simu, sasa hivi.

"Umeandikwaje?" Mzee Idi akauliza. Nikamsomea.

"Binti yangu yuko hapa. Kadi yake unayo wewe mapajani. Anayenunua huko ni nani?"

Ndipo nikautazama ule ujumbe kwa macho ya mtu badala ya macho ya mwenye wivu. Mwisho wake kulikuwa na tarakimu nne. Nikaichana ile bahasha, nikaangalia kadi ya Zuhura, tarakimu hazikufanana. Nikatoa pochi yangu. Zilikuwa za kadi yangu mimi. Kila ujumbe, tangu ule wa kwa kinyozi, ulikuwa umeniambia hivyo, na nilikuwa nimeusoma mara tano.

Nikakumbuka pia ilikotokea. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimewanunulia wenzangu nyama choma kwenye sehemu moja ya kifahari mjini. Mhudumu alipokuja na bili sikutaka kuinuka. Mtu mkubwa hainuki. Nikamrushia kadi aende nayo ndani, na namba ya siri nikamtajia kwa sauti, meza nzima isikie kwamba mimi sina shaka na pesa. Kadi ilikaa huko ndani muda wa kumaliza mshikaki mzima. Mwenye kutaka kuipiga picha mbele na nyuma, hata kuinakili kwenye kadi bandia, alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo na kunywa maji. Tazama mtu wa ajabu nilivyokuwa: siri yangu nimempa mhudumu nisiyemjua jina, na mke niliyezaa naye watoto watatu ndiye ninayemchunguza.

Nikaenda kusimama karibu na zizi, simu inaposhika vizuri, nikapiga benki. Akapokea binti mmoja mpole. Akaniuliza: Kadi yako unayo? Kuna mtu mwingine uliyempa? Mara ya mwisho uliitumia wapi? Ujumbe wa kwanza uliupata lini? Nikasema Jumanne. Akasema leo ni Ijumaa, baba, za mwisho hizi zote tungezizuia. Akaifunga kadi hapo hapo, akanielekeza niende tawini kujaza fomu ya kukana malipo na nipite polisi nikatoe taarifa. Basi. Mambo yalikuwa mepesi kiasi hicho.

Zuhura alikuwa amenifuata mpaka zizini na amesikia yote. Akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka, "Maswali manne tu amekuuliza, na hakujui. Mimi hukuniuliza hata moja."

Niliporudi uani Mzee Idi alikuwa bado amekaa. Hakupandisha sauti. "Mkwe, huyo wa Arusha amechukua pesa. Wewe umekuja kuchukua jina la binti yangu mbele ya majirani zake. Uniambie mwenyewe, nani kati yenu nimpeleke polisi?" Akasema Zuhura atabaki amalize alizeti za mama yake, na mimi nikimtaka nije tena kama mkwe, na mzee wa kwetu, na taarifa mbele.

Nilikuja hivyo, baada ya wiki tatu, na mjomba wangu. Nikaomba radhi uani pale pale, na majirani niliomba waitwe. Zuhura akarudi. Benki ilichunguza ikanirudishia malipo ya mwanzo. Ya baada ya Jumanne nilibeba mwenyewe, kwa kuwa nilijua nikanyamaza, na namba ya siri nilikuwa nimeitangaza kwa kinywa changu.

Lakini kuna kitu hakikurudi. Tangu siku ile Zuhura akitoka, hata hapo sokoni Majengo, ananipigia. Nimefika, niko na fulani, ongea naye. Akienda kwao anampa mama yake simu anisalimie, wala sijaomba. Nilimwambia aache, nikamwambia tena na tena. Akanijibu, "Bora ujue." Imepita miaka, nywele zimeniisha, na bado anapiga. Kila simu ikilia najua ninachodaiwa, na hakuna tawi ninaloweza kwenda kujaza fomu.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayeanza kutumia kadi, nisikilize. Kadi yako isitoke machoni pako. Ukitaka kulipa, inuka uifuate au mashine ije mezani, na asiyependa aseme anavyotaka. Namba ya siri usimpe mtu, awe mhudumu, awe rafiki, awe anayekupigia akijiita wa benki, maana benki ya kweli haikuombi namba hiyo. Usiipige picha kadi ukamwonyesha mtu. Kila ujumbe unaoingia usome mpaka mwisho, uangalie ni kadi ipi na wewe ulikuwa wapi. Ukiona malipo usiyoyajua, hata madogo, piga ile namba ya nyuma ya kadi saa hiyo hiyo, waifunge, kisha uende ukaandikishe. Usingoje uone mwizi anaishia wapi. Kufunga kadi bure hakukupunguzii kitu, utapewa nyingine.

Na kabla hujamshuku wa nyumbani kwako, muulize. Kwa upole, ndani, mkiwa wawili. Wivu utakwambia ukiuliza utadanganywa. Mimi niliusikiliza siku nne, ukanidanganya wenyewe.

Nenda basi. Mungu akulindie jasho lako na akupe macho ya kusoma kilichoandikwa, si unachokiogopa. Na akujalie nyumba ambayo mtu akichelewa kurudi anafunikiwa chakula chake, anasubiriwa, na akifika anaulizwa tu kama amechoka.