Pua ya Kuazima ya Mama Kivumbasi

Saa moja na nusu asubuhi, ubaridi bado umeng'ang'ania kwenye bati, na mtu na mkewe wamesimama katika chumba cha uani wakibishana kuhusu kitita cha majani makavu.

"Nusa tena," anasema mke.

"Nimeshanusa."

"Mzee, hukunusa, umepumua tu. Nusa kama mtu anayelipwa."

Mume, dereva mstaafu wa malori, anazamisha pua kwenye majani, anafumba macho, anatulia. "Hiki hapana," anasema. "Kinanuka kama nguo iliyolala kwenye ndoo."

Mke habishi tena. Anachukua kitita kizima, kazi ya wiki, anakitupa kwenye pipa la taka.

Mtaani wanamwita Mama Kivumbasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akikausha kivumbasi, mmea ule wa majani madogo na harufu kali, na kukiuza kwenye kibanda kilicho mbele ya nyumba yake. Pakiti moja ni bei ya nusu mkate. Msimu wa baridi ndio wake: watu hukinywa asubuhi pamoja na tangawizi, wakiamini kinaupa mwili nguvu ya kupambana na mafua.

Yeye mwenyewe hapambi maneno. "Siponyi mtu. Nauza kitu cha moto cha kukushikilia baridi ikija. Homa ikipanda usije kwangu, nenda hospitali."

Kazi aliirithi kwa mama yake. Asubuhi ya kwanza ya baridi, anakumbuka, mama alibandika sufuria kubwa, na watoto wakapanga mstari na vikombe vya bati, kila mmoja akitaka kuwa wa mwisho.

"Kichungu hicho! Ukikataa, mama anakubana pua kwa vidole viwili, mdomo unafunguka wenyewe, umekwisha," anasema akicheka. "Lakini ile harufu ilikaa kwenye mapazia, kwenye shuka, kwenye nywele zake. Nikienda kulala najua baridi imeanza, na mama yupo."

Mama alifariki zamani. Harufu ilibaki, ikirudi kila mwaka vitita vya kwanza vinapoanikwa kwenye waya. Ndiyo iliyomshikisha kazi isiyo na faida kubwa.

Mwaka juzi alishikwa na mafua makali. Majirani hawakumwacha: "Mama Kivumbasi anapiga chafya! Sasa sisi tukimbilie wapi?" Alipona, akarudi kazini, ila uwezo wa kunusa haukurudi. Daktari wa pua na koo alimwambia unaweza kurudi, unaweza usirudi, asubiri tu.

"Nikaona jambo dogo. Si macho, si miguu. Nikaendelea kuuza."

Hapo ndipo alipokosea. Kivumbasi hukaushwa kivulini, na hakuna kipimo kingine: unasaga jani kwa vidole, unanusa. Lililoanza kuoza hujulikana kwa uvundo kabla jicho halijaona kuvu. Alifungasha gunia zima lililoharibika bila kujua.

Wa kwanza kurudi alikuwa nesi mmoja, jirani na mteja wake wa miaka mingi.

"Hakupiga kelele. Aliniwekea pakiti mkononi akaniuliza, 'Mama, hiki ungempa mwanao?' Nilitamani ardhi ipasuke."

Alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya pakiti alizouza, akachoma gunia, akafunga kibanda. Msimu wote uliopita hakuuza hata jani. Mwaka huu anajaribu tena. Wateja wasiporudi, anasema, atauza mbao za kibanda, mambo yaishe.

Mumewe ndiye aliyejitolea kumnusia. Tatizo lilikuwa ugoro.

"Pua yake ilikuwa kama bomba la moshi la lori lake," anasema mke. "Nimemwomba aache tangu tuoane, mpaka nikachoka. Kumbe angeacha kwa ajili ya majani!"

"Si majani," anasema mume bila kuinua uso.

Mke anajifanya anatafuta chekecheke.

Siku za mwanzo mzee hakuwa na maneno. Kila kitita kilikuwa "kizuri tu", na mkewe hakukubali: kizuri ndiyo nini? Sasa amejifunza. Anasaga jani la kitita kinachofuata na kueleza: karafuu kwa mbali, nguo iliyotoka kwenye pasi sasa hivi, halafu ukali kama wa pilipili, ule unakuja mwisho.

Kitita hiki kimepita. Hakuna haja ya kuongeza neno. Lakini mke amefumba macho.

"Rudia ile ya pasi," anasema.

Mzee anarudia, taratibu.

"Mama alikuwa anapiga pasi jioni," anasema mke.

Baadaye kidogo, kibandani, nesi anapita akitoka zamu. Anasimama. Anachukua pakiti, anaifungua, ananusa.

"Nani amekagua?"

"Huyu hapa." Mama Kivumbasi anamwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Baba? Na ugoro wake?"

"Aliacha, mwanangu."

Nesi anamtazama mzee, ananusa tena, kisha anaangua kicheko. "Basi nipe mbili. Moja ya mama mkwe, nisije nikasemwa."

Akishaondoka, Mama Kivumbasi anakaa juu ya kreti na kushusha pumzi. Mbao za kibanda haziuzwi wiki hii.

Daktari bado hajamwahidi chochote. Hata hivyo, jana walihamisha miche ya kivumbasi na kuipanda chini ya dirisha la chumba cha kulala, upande anaolala yeye.

"Pua ikiamka itaamka ghafla, pengine nimelala," anasema. "Sitaki harufu ya kwanza iwe moshi wa pikipiki, wala soksi za huyu mzee. Nataka ianze na mama."