Ulezi Unafanya Kazi

Mimi ni mwalimu wa baiolojia na kemia hapa Sumbawanga, na neno ninalolitumia kuliko yote darasani ni "kazi". Kazi ya figo, kazi ya kongosho. Kwenye kemia nawaambia wanafunzi wasitishwe na molekuli ndefu. Watafute kile kipande kidogo chenye oksijeni, hicho ndicho kinachofanya kazi, kwingine kote ni kiwiliwili tu. Mdomo wangu umelizoea neno hilo mno.

Mama yangu anaishi Malangali, hapa hapa Sumbawanga, na ana sukari. Mwaka jana, wakati wa baridi, nilimkuta jikoni akisonga ugali wa ulezi. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za vyakula vinavyosaidia mwili zaidi ya kushibisha, nikashindwa kunyamaza.

"Mama, kumbe huu ulezi wako unafanya kazi! Haupandishi sukari haraka kama sembe."

"Unafanya kazi?"

"Unafanya kazi kabisa."

Alifurahi kupita kiasi. Amelima ulezi maisha yake yote, na sisi watoto tuliosoma ndio tuliomletea sembe nyeupe tukaiita maendeleo. Nikapanda bodaboda kurudi kwangu nikijiona mtoto mwema.

Kumbe mama akaacha vidonge vyake vya sukari. Kwake, chakula hushibisha. Kinachofanya kazi ni dawa. Kama ulezi nao unafanya kazi, basi ni dawa. Hakuniambia, nami sikuuliza.

Siku jirani yake aliponipigia simu kwamba mama anakunywa maji hayamtoshi na maneno yake hayaeleweki, nilikimbia na chaki mkononi. Shuleni ni mimi ninayesimamia mambo ya dharura. Niliwahi kumfokea mlinzi wetu, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, kwa ajili ya mtungi wa kuzimia moto: "Usiniambie upo, niambie kama unafanya kazi!" Sasa nikafungua kabati la mama. Kipimo cha sukari nilichomnunulia kilikuwepo, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa safi. Nikakibonyeza. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Niliona aibu, nikatamani yule mlinzi awepo anifokee na mimi.

Hospitali walimwokoa, ila kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimeshaoza, wakakikata. Alipopata nguvu nilimuuliza kwa nini aliacha dawa.

"Kazi moja, vibarua wawili wa nini?" akasema, akacheka kidogo.

Mimi sikucheka. Wageni wakija kumpa pole, mama huwaambia alisikia vibaya, masikio ya uzee. Ananikinga, na kukingwa huko kunaniuma kuliko kama angenilaumu. Hakusikia vibaya. Alisikia nilichosema.

Ulezi bado anaula, na daktari hana neno, mradi vidonge viwepo. Betri nimebadilisha. Lakini kila asubuhi, kabla sijaingia darasani, simu inaita.

"Mwalimu wangu, ninavyo hapa mkononi. Hivi navyo vinafanya kazi?"

Nimemweleza mara nyingi kwamba amuulize daktari, asiniulize mimi. Anasema yeye hamjui huyo daktari. Basi hunisubiri kwenye simu, na najua hatameza mpaka mimi niseme.