Kahawa ya Mama Mdogo

Kazi yangu mjini Moshi ni kuonja kahawa. Navuta kijiko kwa kelele ambazo utotoni zingenipatia kofi, natema, naandika. Tajiri wangu hutafuta kahawa adimu: ya mibuni ya zamani, iliyolelewa kwa samadi chini ya migomba, bila sumu, na wakulima wenye vihamba, yale mashamba madogo ya kuzunguka nyumba. Aliponieleza hayo mara ya kwanza nilitaka kucheka. Alikuwa ananielezea kwa babu yangu, kule kijijini Mwika.

Likizo zote tulizimalizia kule. Tulichuma kahawa mbivu, tukafyonza utamu wake kabla ya kuitupia ndooni, na babu akajifanya haoni. Mibuni ile aliipanda kwa mikono yake. Baba mdogo, kitinda mimba wake, ndiye aliyerithi kihamba, na alipofariki kikabaki kwa mkewe, mama mdogo. Nikikumbuka majani yale yenye umande yakinigusa shingoni, natamani kurudi kuwa na miaka tisa.

Mwaka juzi nilimkuta mama mdogo anavutana na mwanawe mkubwa, aliyetaka kung'oa mibuni apande maparachichi. Simlaumu, ugonjwa wa chulebuni ulikuwa unakula nusu ya mavuno. Mama mdogo akanigeukia, mwanawe akisikia.

"Peleka kahawa yangu kwa huyo tajiri wako. Ikikubaliwa, mibuni ya mkwe wangu inabaki. Ikikataliwa, sina neno tena."

Nikamhakikishia itakubaliwa. Mdomo uliponza kichwa. Mvua za vuli zilipoanza, kahawa yake ikiwa bado kwenye vichanja vya kukaushia, nilimpigia simu: "Mama mdogo, chonde, isiguswe na mvua hata tone." Nikakata, nikarudi kwenye vikombe vyangu. Sikumwambia aihamishie wapi.

Vikombe huja na namba tu, bila majina. Siku hiyo nilionja kikombe cha nne, na ghafla nikawa jikoni kwa bibi: mafiga, ndizi zinachemka, masizi darini. Nilitabasamu kama mjinga. Kisha nikafanya kazi yangu. Kahawa inayonuka moshi haina mnunuzi, na wenzangu wawili walikuwa wameshaikunjia uso. Nikaandika: imekataliwa. Karatasi ya majina ilipofunguliwa, namba nne ilikuwa ya mama mdogo.

Alikuwa ameianika darini jikoni, juu ya moto, wiki mbili nzima, akiigeuza kwa mkono. Ndivyo mahindi yanavyoepushwa na mvua kwetu. Alinitii mimi, mtaalamu, niliyeshindwa kuongeza sentensi moja kwenye simu. Niliona aibu, na hadi leo ninayo.

Jumamosi nilipanda Mwika. Kwetu, ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale, na akilipokea hawezi tena kukunyima msamaha. Nilimkuta anakatakata majani ya ng'ombe, mwanawe yuko kando yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na isale?"

Nikamweleza yote, bila kujipunguzia. Alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea jani.

"Nimekusamehe. Ila neno langu nilishalitoa."

"Nitamwomba tajiri tujaribu tena mwakani."

"Nilimwahidi huyu mbele yako. Nikigeuka leo, kesho ataniamini kwa lipi?"

Mwanawe aliinamisha kichwa. Nadhani hata yeye hakufurahia ushindi ule. Mama mdogo akaingia ndani, akatoka na sururu. Aliomba kitu kimoja tu: mbuni wa kwanza wa babu, ule wa karibu na nyumba, usiguswe na kibarua.

"Ung'oe wewe," akaniambia. "Wewe ni damu yake."

Mwanawe akanishikia shina, mimi nikachimba. Nililia wazi wazi na hakuna aliyenicheka. Babu aliupanda vizuri mno. Mizizi yake ilitushinda mpaka saa nane mchana.