Kofi Alilopigwa Murli

Si kweli kwamba Jethanand alimpiga mdogo wake ili kujipendekeza kwa Wachina. Maneno hayo yametoka Keqiao, mji wa vitambaa kule Uchina, yakawafikia ndugu zake India, na kila aliyeyabeba ameyatia chumvi yake. Wanaoyasema hawakuwepo. Mkewe Nirmala alikuwepo, hatua nne tu kutoka kwa mumewe.

Jethanand alikuwa mkaguzi wa vitambaa. Kwa miaka kumi na minane alipitisha majora juu ya meza yenye taa akitafuta doa na uzi uliokatika, na hakuna aliyewahi kumhonga. Asubuhi ile alikataa majora mia mbili ya kitambaa cha buluu kilichochuja. Pang, msimamizi wa kiwanda cha rangi, alijua kazi yake imekwisha. Akaja na bomba la chuma hadi dukani kwa Jethanand.

"Mzee, sema umekosea."

"Kitambaa chako kinachuja, bwana. Hata ukinivunja, kitachuja tu."

Pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kushoto. La pili lilitua mbavuni, na Nirmala akasikia mlio kama wa ukuni mkavu. Jethanand aliupeleka mkono mzima nyuma ya mgongo akashika mkanda wa suruali. Kila mgeni wa mji ule anajua: ukirudisha pigo, mbele ya polisi nyote wawili mmepigana, na mgeni ndiye anayepandishwa ndege.

Mama Qiu wa duka la pili alipaza sauti. "Mikono chini, Jeta! Kamera inaona. Mwache ajimalize mwenyewe."

Ndipo Murli, mdogo wake aliyekagua naye, akatoka stoo na mkasi mkubwa wa kukatia majora.

"Nipishe, kaka. Namtoboa huyu mbwa."

"Weka chini."

"Anakuua!"

"Ananiua mimi. Wewe una mabinti wanasoma hapa. Weka chini, mpumbavu wewe."

Murli hakuweka. Alitaka kumpita. Jethanand akauchomoa ule mkono, ambao hakuuinua kwa Pang hata mara moja, akamzaba mdogo wake kofi lililomwangusha juu ya majora. Mkasi ukaruka, Nirmala akaukanyaga. Lakini Jethanand alikuwa amempa Pang kisogo. Bomba likashuka kichwani.

Nirmala alikimbilia barabarani na simu. Hakujua kulitaja jina la mtaa kwa Kichina, kwa hiyo aliwasomea polisi namba ya nguzo ya taa, ambayo kule huonyesha mahali, tarakimu moja moja, damu ya mumewe ikiwa viatuni mwake. Walifika na gari la wagonjwa akiwa bado anairudia. Walimkuta Pang amekaa chini, bomba mapajani, analia.

Kituoni waliitazama kamera. Ofisa akamgeukia Murli.

"Huyu amekupiga. Unamlalamikia?"

"Ni kaka yangu mkubwa, afande. Ananipiga tangu nina miaka mitatu."

Ofisa akafunga jalada. Mkono wa Murli haukuwa na damu ya mtu, na hakuna aliyemfukuza nchini.

Jethanand alikufa siku ya nne. Murli bado anakagua vitambaa Keqiao, na mabinti zake bado wako shuleni. Kabla ya kukata roho, Jethanand alimwambia mkewe maneno machache kuhusu lile kofi. Wengi wameuliza ni maneno gani. Hayatasemwa.