Maji Meusi ya Darasa la Tano

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi huko Kinyala. Nyumbani kwetu ni Bagamoyo, si ile ya pwani bali mtaa wetu wa pale Tukuyu mjini, ambako baba yangu alikuwa na duka. Umbali wenyewe haukuwa wa kutisha, ila mvua ikianza barabara ilikuwa inageuka uji, na mtu aliyetoka mjini na viatu vya ngozi alifika shuleni ameviweka mkononi.

Mwalimu mkuu alinipa somo la Sayansi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Alinikabidhi kitabu kimoja kisicho na jalada na chaki za wiki mbili.

"Vifaa hatuna, mwalimu," alisema. "Utaangalia mwenyewe."

Mada ya kwanza ilikuwa maada. Niliandika ubaoni kwamba maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, watoto wa darasa la tano wakanakili kimya, na nikaona nyusoni mwao kwamba sijafundisha kitu. Basi nikawaambia kesho kila mtu alete kitu kutoka nyumbani, tukione kikizama au kikielea. Walileta kweli. Vipande vya mgomba, misumari, kokwa za parachichi, betri zilizokwisha, kijiko. Msichana mmoja, mpole, aliyekuwa akiketi karibu na mlango, alileta jiwe la kijivu lililotosha kiganja.

Nililishika bila kuliangalia sana. "Jiwe ni yabisi na ni zito," nikasema. "Kwa hiyo litazama." Nikalitia kwenye sufuria la maji.

Halikuzama. Lilizunguka pale juu kama kipande cha boga.

Darasa zima likanitazama mimi, si jiwe. Yule msichana akasema taratibu, kama anayenionea huruma, "Mwalimu, hili halizamagi. Bibi anasugulia visigino."

Mimi ni mtoto wa mjini. Nyumbani kwetu tulisugua visigino kwa gunzi. Mawe yale mepesi ya mlimani nilikuwa nimeyaona njiani bila kuyajali. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu akikwama asionyeshe, lakini sikuwa na mahali pa kujificha. Nikasema, "Sijui kwa nini linaelea. Tutafute wote."

Ni wao waliotafuta. Mmoja alisema lina matundu. Mwingine akasema ndani ya matundu kuna hewa. Nikauliza tutajuaje, na kijana wa nyuma akasema, "Tulitwange." Tukalitwanga juu ya sakafu kwa jiwe jingine mpaka likawa unga, tukaumwaga ule unga kwenye maji. Sehemu kubwa ilikwenda chini moja kwa moja. Kelele zilizotoka darasani siku ile zilimfanya mwalimu mkuu aje mlangoni. Watoto walikuwa wameona kwa macho yao kwamba jiwe lile lilikuwa zito kuliko maji, na kilicholibeba ni hewa. Tangu hapo sikuhitaji tena kuwakaririsha kwamba hewa nayo ni maada.

Nilikuwa na furaha sana, hata sikukumbuka kwamba jiwe lile lilikuwa na mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata bibi wa yule msichana alikuwa amesimama nje ya ofisi, amejifunga vitenge viwili kwa sababu ya baridi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza bila haraka, "Mwalimu, nimesikia jiwe langu mmelitwanga?"

Nilitamani ardhi ifunguke. Nikamwomba radhi, nikamwahidi kumtafutia jingine.

"Mawe yapo mengi," alisema. "Lile nilikuja nalo siku naolewa. Lilishasoea mkono wangu." Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyakyusa, z zote zikiwa s na r zikiwa l, nami kwa kuwa nilikua mjini nilihitaji kusikiliza kwa makini. Alinitazama, labda akaona nilivyokuwa mdogo. "Haya, limeshakwisha. Limewafundisha nini?"

Nikamwita mjukuu wake amweleze. Mtoto yule ambaye darasani hakuwa msemaji alimweleza bibi yake kwa Kinyakyusa, mikono ikienda juu na chini, jiwe, hewa, unga, maji. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Kama mnajua kutoa hewa kwenye jiwe," alisema, "mtoe udongo kwenye maji yangu."

Nikaenda kuyaona hayo maji jioni. Kijito chao kilipita chini ya shamba lake la migomba. Zamani, alisema, kilikuwa kinaonyesha mawe ya chini hata wakati wa mvua. Lakini miaka ile serikali ilikuwa imefungua biashara, malori yalikuwa yanapanda kutoka mbali kununua viazi, na kila mwenye mkono wa kushika jembe alikuwa amelima mpaka kwenye mteremko ulio juu ya kijito. Watu walipata mabati na redio. Kijito kikapata rangi ya chai ya maziwa. Hakumlaumu mtu, wanawe wawili walikuwa miongoni mwa waliolima.

Jumamosi nilishuka mjini kwa baba. Duka lake, ambalo nilipokuwa mdogo lilikuwa na rafu tupu na watu wakipanga foleni kwa ajili ya sabuni, sasa lilikuwa limejaa hadi kwenye dari. Ndoo za plastiki zilining'inia mlangoni, nyekundu, bluu, kijani. Nikamwomba moja.

"Ya kutekea maji?" aliuliza.

"Ya kutoboa, baba."

Aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akachukua msumari, akaupasha moto kwenye jiko la mkaa nyuma ya duka, akaitoboa chini mwenyewe, matundu madogo yaliyopangika vizuri, kisha akanipa na kitambaa cheupe cha kuweka ndani.

Darasa zima lilifanya kazi. Wavulana walileta kokoto na mchanga wa mtoni, wasichana wakaleta mkaa tukautwanga. Tukaweka kitambaa, mkaa, mchanga, juu kabisa kokoto. Nilimwalika bibi aje kuona, naye akaja na majirani watatu. Tukawapa viti vya walimu. Nikasema maneno mawili matatu ya kitaalamu, nikamimina maji ya kijito.

Yalitoka meusi tititi.

Jirani mmoja akaziba mdomo kwa kitenge. Bibi aliinama akachungulia sufuria. "Yalikuwa chai," alisema, "sasa yamekuwa wino. Watoto wataandikia." Hakusema kwa ubaya, na wote walicheka, watoto wangu pia. Mimi nilicheka kwa midomo tu. Walipoondoka niliketi kwenye dawati nikaitazama ile ndoo ya baba, nikajiona mtu aliyependa kujionyesha mapema.

Yule msichana alikuwa amebaki akisafisha ubao. "Mwalimu," alisema, akiwa amenipa mgongo, "mkaa hatukuuosha. Na mchanga."

Alikuwa amesema kweli. Vumbi lote la mkaa lilikuwa limeshuka na maji.

Kesho yake tuliuosha mkaa na mchanga mara nyingi kiasi kwamba vidole vya watoto vilikunjamana. Tukapanga upya. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu, ya pili yakawa na ukungu kidogo, na baada ya ndoo kadhaa yakatoka maangavu. Niliyatia kwenye glasi nikaiinua dirishani, tukaona kupitia humo mlima ambao siku hiyo ulikuwa umetoka mawinguni. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono ayanywe. Nikamzuia.

"Udongo umetoka," nikawaambia. "Vijidudu hatuvioni. Maji yakiwa maangavu hayajawa salama. Mpaka yachemke."

Tukayachemsha kwa kuni nyuma ya darasa. Watoto waliozunguka sufuria walinionyesha vitu vidogo kama shanga vikijipanga pembeni mwa chuma kabla maji hayajachemka, nami nikawaambia hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya maji, inatoka. Nilisema nikapita. Sikujua kwamba nimesema jambo kubwa.

Yalipopoa tukampelekea bibi nyumbani kwake kwenye jagi. Alikunywa funda moja, akaliweka kinywani muda, akalimeza kwa adabu.

"Masuli kwa macho," alisema. "Lakini yamekufa, mwanangu. Hayana kitu ndani."

Majirani walikubali. Ndiyo maana hawachemshi, walisema. Maji ya kuchemsha ni ya mgonjwa, hayakati kiu. Nilikuwa na majibu ya afya, ya kuhara, ya homa ya matumbo, na niliyatoa yote. Walitikisa kichwa kwa heshima kama watu wanaosikiliza hotuba.

Wiki hiyo Ramadhani ilikuwa imeanza, na Jumamosi nikafuturu nyumbani. Kabla ya kuweka jagi mezani, baba alichukua majagi mawili akawa anamimina maji ya kuchemsha kutoka hili kwenda lile, kwa juu, mara nyingi, kama nilivyomwona akifanya tangu nikiwa mtoto. Siku zote nilidhani anayapooza. Maji yenyewe yalikuwa yamekwisha poa tangu asubuhi.

"Baba, kwa nini unafanya hivyo?"

"Bila hivyo hayanyweki," alisema. "Mama yangu aliyarusha hivi. Yanapata ladha."

Nilishika tende mkononi bila kuila. Nilikuwa nimewaambia watoto mwenyewe kwamba moto unatoa hewa kwenye maji. Baba alikuwa akiirudisha.

Jumatatu tulikwenda tena kwa bibi, mimi na watoto sita, na majagi mawili. Safari hii sikuhutubia. Yule msichana ndiye aliyemimina, akisimama juu ya kigoda ili maji yaanguke kutoka juu, huku akimweleza bibi yake kinachoingia humo. Wengine walihesabu kwa sauti mpaka hamsini. Kisha akampa kikombe.

Bibi akanywa. Akanywa tena. Akamaliza, akageuza kikombe juu chini kutuonyesha.

"Haya nitakunywa," alisema. "Ndaga, mwalimu." Ni asante yao, nami hilo nililijua.

Hakutaka ndoo ya kuchujia. Alikuwa na chungu chake cha zamani chenye ufa chini, akasema ufa huo utatosha, na kweli ulitosha. Msimu ule wa mvua majirani zake wawili walimwiga. Wa tatu alijaribu akaacha, akasema kuni za kuchemshia ni nyingi mno, na hakuwa amekosea. Watoto wa darasa la tano waliougua tumbo bado walikuwepo, ila nyumbani kwa bibi hawakuwepo, na hilo yeye alilitangaza kanisani bila kuombwa.

Mvua zilipopungua baba alipanda Kinyala kwa mara ya kwanza, akisema anataka kuona ninakoishi. Nilimpitisha kwa bibi. Walisalimiana kwa muda mrefu, mfanyabiashara wa Kiislamu na mkulima mzee wa Kilutheri, wakaulizana habari za vyakula, za barabara, za watoto walioondoka. Bibi akamletea ndizi za kuchoma na maji kwenye kikombe cha bati. Baba alikunywa, akakitazama kikombe.

"Yamerushwa haya," alisema.

"Yamelushwa," bibi alimjibu, kana kwamba mambo yalikuwa hivyo siku zote.

Tuliposhuka kwenda barabarani baba alitembea mbele, suruali ameikunja, akikwepa matope. Katikati ya njia alisema bila kugeuka kwamba alikuwa amezungumza na mtu mmoja ili nihamishiwe shule ya mjini, karibu na nyumbani.

"Nitamwambia aache," alisema.

"Sawa, baba," nikamwambia.