Uso wa Odierne Mwezini

Jirani yangu Perronelle ana mikono ya dhahabu na wivu wa kuchoma nyumba, na mtaa wetu wote wa wachora vitabu hapa Paris unamjua. Mumewe, Thevenin, huchora. Perronelle hubandika dhahabu na fedha, mimi hushona kurasa.

Padri mmoja akaagiza kitabu cha Zaburi. Pale penye zaburi ya mpumbavu asemaye moyoni hakuna Mungu, Thevenin akamchora kama wachoraji wote wamchoravyo: kipara, rungu begani, anauma mkate wa mviringo, na juu yake mwezi, maana akili ya mpumbavu nayo hujaa na kupungua. Kila asubuhi alikwenda kwa Odierne, mwanamke muuza mikate, eti kutafuta mkate wa kuchora.

"Mkate mmoja unachorwa wiki nzima, shoga?" Perronelle akaniuliza. "Hebu itazame pua ya huo mwezi."

Nikatazama. Ilikuwa ya Odierne, na kishimo cha shavuni kilikuwa chake pia. Nikarudi kwenye sindano yangu, maana Perronelle alikuwa ameshika nyundo yake ya kupondea dhahabu.

"Halafu mimi ndiye niupambe kwa fedha," akasema. "Haya, nitaupamba."

Fedha usipoipaka ute wa yai hugeuka nyeusi, hata paka wa mtaa huu anajua. Perronelle akaibandika, ute hakupaka, akauweka ukurasa kabatini pamoja na bakuli la mayai viza, ili mvuke wake uzidishe weusi. Padri alipokuja, Odierne wa mwezini alikuwa mweusi kama chungu, huoni jicho wala pua. Perronelle akanikonyeza.

"Mwezi gani huu?" padri akanung'unika. "Nichoreeni upya."

Mwana kulitafuta, mwana kulipata. Thevenin hakugomba. Aliikwangua fedha kwa kisu, ngozi ikabaki tupu, akachukua mkaa wake wa kuchorea na kigoda.

"Unakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Kwa Odierne. Uso umefutika wote, mke wangu, na kuchora kwa kukumbuka siwezi. Safari hii nitamketisha dirishani, nimtazame vizuri."

Akatoka anapiga mluzi. Perronelle akabaki na ukurasa mapajani.

"Shoga," akaniambia baadaye, "nitafutie yai bichi, la leo leo. Uso wa yule mwanamke nitaupaka ute mara mbili, usifutike tena maisha."