Dozi ya Asubuhi na Jioni

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akianza kujidanganya mwenyewe, ujue mambo yameharibika. Gauni langu la harusini nililipanua mara tatu. Mara ya kwanza nilisema kitambaa kimesinyaa. Mara ya pili nikamlaumu aliyelishona, ambaye ni mimi mwenyewe. Mara ya tatu nikakosa wa kumsingizia, maana futi ya kupimia haina unafiki.

Zahanati nilikokwenda kupima presha, nesi aliitazama mashine, akanitazama mimi, akaniambia nipunguze mwili, la sivyo nitaanza vidonge. Nikarudi kwangu Iyunga, hapa Mbeya, nimenuna. Kibanda changu cha kushonea kinatazamana na banda la chipsi, na kila saa saba mchana mama muuzaji alikuwa ananiletea chipsi mayai bila kuagizwa, na soda juu yake. Siku niliyomwambia basi, alininunia wiki nzima. Alidhani nimepata mkaangaji mwingine.

Nikajiunga na kina mama wa mtaani wanaotembea alfajiri. Sasa alfajiri ya Mbeya, hasa mwezi wa sita, baridi lake linakufanya umkumbuke kila mtu aliyewahi kukukosea. Tulipanda mlima na masweta yetu na vitenge vichwani, tunahema, tunasengenya, tunahema tena. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu mwenye mdomo, na ndiye aliyeyaita yale mazoezi dozi. Asubuhi dozi, jioni dozi. Ukikosa siku mbili anakuja kugonga mlangoni kuuliza mbona umeruka dozi. Neno likazoeleka midomoni mwetu, hata mume wangu nikawa namuaga kwamba naenda kumeza dozi.

Ugali nao nikaupunguza mpaka ukawa kama ngumi ya mtoto, sehemu ya sahani iliyobaki ikawa mboga za majani. Wiki tatu za kwanza nilikuwa na hasira, mteja akiulizia nguo yake namjibu ovyo. Halafu mwili ukaanza kuondoka wenyewe. Mashavu yalitangulia, kiuno kikafuata kwa kujivuta. Nilifurahi jamani, acha tu.

Mama yangu anaishi Iringa, kijijini upande wa Tosamaganga. Furaha ile ile ndiyo iliyonifanya nimpigie simu. Nikamwambia mama, nimeanza dozi, asubuhi na jioni, siruki hata siku moja, na kupungua nimepungua kweli. Akasema taratibu kwamba ni vizuri, nisiruke, akakata simu. Tangu hapo mabasi ya kutoka Iringa hayakuisha kuniletea vifurushi vyake: asali, karanga, mara kuku mzima aliyefungwa miguu. Mimi nikajisemea mama kazeeka, kawa na huruma.

Mwezi mmoja baadaye nikaenda kumsalimu. Alinipokea kwa kamwene, ile salamu ndefu ya Kihehe, akanishika mikono yote miwili, akanizungusha, asiseme neno lolote kuhusu mwili wangu. Hapo hapo ningepaswa kushtuka, maana mama hajawahi kuuacha mwili wa mtu upite bila maoni. Ilipofika saa moja jioni akaniletea glasi ya maji ya uvuguvugu, akaiweka mezani, akatoka na kurudishia mlango polepole. Nikayanywa. Maji ni mazuri kwa anayefanya diet. Asubuhi saa moja, glasi nyingine, na mlango ukarudishiwa tena. Nikamfuata uani kumuuliza yale maji ni ya nini.

"Ya dozi," alisema, huku macho yake yakiwa kwenye kuni. "Sikutaka uone aibu kumeza mbele yangu."

Kwetu, dozi ya asubuhi na jioni, ile isiyorukwa na isiyotajwa jina, ni moja tu: vidonge vya ukimwi. Mwezi mzima mama yangu alikuwa anajua kwamba mimi ni mgonjwa. Nikaangua kicheko, nikaanza kumweleza habari za mlima, za mwalimu mstaafu, za chipsi nilizoziacha. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Dada yako naye aliniambia ni malaria tu."

Kicheko kikanikauka. Dada yangu mkubwa alikonda mbele ya macho yetu, na kila tulipouliza alisema ni malaria inayorudirudi. Hospitali alikataa, vidonge alivikataa, mpaka tukamzika. Nilijiona mjinga, na nilimwonea mama uchungu ambao sikuwa nimewahi kumwonea. Nikaona kueleza zaidi ni kumtesa. Nikamwambia avae viatu twende hospitali ya misheni, nikapime yeye akiwa pembeni yangu.

Mhudumu aliuliza kama mama asubiri nje, nikasema huyu tunaingia naye. Alikaa kaukumbatia mkoba wake. Majibu yalipotoka, sina maambukizi. Mama akaomba yasomwe tena. Yakasomwa tena. Akauliza kama wana hakika kile kipimo ni changu na si cha yule msichana aliyepimwa kabla yetu, na yule mhudumu, Mungu ambariki, akamjibu kwa upole kwamba ni changu.

Tulipotoka nje alikaa kwenye ukuta mfupi wa bustani, akafuta macho kwa pindo la kitenge. Mara mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Mwezi mzima namwomba Mungu anichukue mimi kwanza," alisema. "Sasa itabidi nikamwambie aache."

Akanyanyuka, akaelekea kanisani, nami nikamfuata. Alipiga magoti muda mrefu sana. Mimi nilikaa benchi la nyuma, njaa inaniuma, na wala sikumharakisha.